Rangi Juu ya Ufa

Dada Hermelinda,

Huku tu wazima. Mama ameanza tena kula. Siku ya Bikira Maria padri alibariki jenereta za dharura hapa kituo cha nyuklia, zile zinazoendesha pampu za kupoza kinu umeme ukikatika. Kwa heshima hiyo nilizipaka rangi mpya. Jana nikaona rangi imepasuka kwenye bomba la mafuta. Chini yake pana ufa wa siku nyingi. Mimi ndiye niliyeufunika.

“Si limebarikiwa, Anselmo? Tia saini fomu ya ukaguzi tu,” mkubwa wangu wa kazi akanitania.

“Padri alibariki, mzee, hakuchomelea.”

Nimeripoti ufa na kosa langu. Kesho naitwa ofisini, huenda nikafukuzwa. Niombee nisije nikabadilisha maneno yangu kwa woga.

Mdogo wako,
Anselmo