Mume wa Sehemu ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Tumerekodi sehemu ya tisa ya mchezo wangu wa redio, mume anampiga mke. Fundi sauti kajizaba paja mara sita akitafuta kofi linalosikika vizuri redioni. Paja jekundu, maskini, na Bosi bado haridhiki! Anataka mke apige yowe, majirani wagonge mlango. Nikasema hapana, huyu mke hapigi yowe. Anauliza kama chakula kimepoa, apashe. Bosi akaniuliza mambo haya nayatoa wapi. Nimesoma mahali, nikamjibu. Mwaka wa nne huu tangu nimkimbie mume wangu, na kila anayeuliza namwambia nimesoma mahali.

Alhamisi, 6 Machi

Ilirushwa jana. Simu za wasikilizaji hazikukatika. Nusu wanamlaani mume. Nusu wanasema mke ana mdomo, na mume ana sauti tamu, aombe radhi tu yaishe. Bosi kanogewa – anataka wapatane sehemu ya kumi na mbili, watoto wacheke, muziki uingie. Nimekataa! Nimemwambia kuna mtu anasikiliza huku jino limelegea. Tukimpa muziki, atadhani mjinga ni yeye. Nilipandisha sauti mpaka nikajishangaa. Bosi akasema basi basi, usije ukanimeza.

Leo nimejiona mtu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi sauti kaniita nisikilize ujumbe ulioachwa kwenye simu ya wasikilizaji. Anacheka, anasema huyu ni mtaalamu.

Mwanamume. Mpole, anaongea taratibu. Anampongeza mwandishi. Ila kuna kosa dogo, anasema: mume wa aina hiyo haanzi na kofi. Kwanza anavua saa, anaifunga kwenye leso isije ikapasuka kioo, anampa mke aishike.

Hiyo sikuiandika. Sijamwambia mtu, hata dada. Niliiacha makusudi, kwa sababu nilishindwa kuandika kwamba niliishika. Kila mara. Sikuiangusha hata siku moja.

Ni yeye.

Jina la bandia, mji mwingine, namba mpya ya simu – halafu nikamwelekeza mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kila Jumatano. Nilitaka mchezo uwe wa kweli. Haya!

Jumatano, 12 Machi

Dada kwenye simu: acha kazi leo hii, njoo kwangu. Nikamwambia: mume wangu kwako anapajua. Nikasikia analia kwa mbali, kama kaweka simu mezani.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bosi nimwambie. Nikamwomba karatasi za kuchapia.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nimejifungia chooni, ghorofa ya pili.

Bosi kamwalika! Msikilizaji bora wa mwezi, aje atusaidie kumnyoosha mhusika wetu. Yuko mapokezi na maua. Keshawachekesha wote, hata mlinzi, ambaye hajawahi kucheka. Bosi akaniambia mgeni wako mtu wa watu kweli, shuka umpokee. Hapo ndipo pa kusema. Maneno mawili tu: ndiye huyo. Mimi ninayewaandikia watu maneno wiki nzima! Nikasema sawa, nanawa mikono.

Kuna ngazi za nyuma, zinatokea maegesho. Hatua ishirini kutoka mlango huu. Mkoba ninao, simu ninayo. Naweza kufika.

Mwigizaji wetu wa mke kaja kugonga. Anasema mgeni kaambiwa asubiri, kakataa, anapanda mwenyewe kuona studio. Nikamwambia natoka sasa hivi.

Natoka kweli. Nimeshika kitasa.

Nimeangalia chini. Viatu viko mkononi, nimevibana kifuani. Sikumbuki kuvivua. Kwa mume wangu nilikuwa natembea peku, asijue niko chumba gani. Sakafu ni ya baridi. Nasikia anacheka na Bosi kwenye korido, na miguu yangu, badala ya kutoka, inarudi kinyumenyume ukutani, polepole, kwa ncha za vidole.