Mitungi Inayopanda Ngazi Pamoja na Mkaguzi

Mama Mshauri, salamu za kawaida nitazileta siku nikiwa na moyo wa kuzisema, leo naomba msaada tu, maana jambo hili limenikaa kooni, halishuki wala halitoki, na hapa nyumbani kila nikifungua mdomo naambiwa niufunge.

Mimi ni mke wa mtu, naishi ghorofa ya juu kabisa katika jengo la baba mkwe wangu, mimi na mume wangu na mama yangu mzazi ambaye alipooza upande mmoja, hatembei bila kushikwa. Chini kuna duka la magodoro la wifi yangu, juu yake wamepanga mafundi cherehani, juu yao kuna vyumba vya wapangaji, halafu ndiyo sisi. Jengo lina ngazi za mbele ambazo ni nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja anarudi, na lina ngazi za nyuma zilizojengwa kwa ajili ya hatari, lakini wifi amezigeuza stoo, magodoro yamejaa huko hadi huoni ukuta, na mlango wa kila ghorofa wa kutokea huko ameutia kufuli, ati wapangaji wasimwibie, na funguo zote anatembea nazo yeye kwenye mkoba.

Sasa nikueleze tunavyokaguliwa, uone tulivyo watu wa ajabu. Mkaguzi wa zimamoto kabla hajaja hupiga simu, na akishapiga simu nyumba nzima inaamka, magodoro yanapakiwa kwenye lori yanapelekwa kuzungushwa mjini, makufuli yanatolewa, ngazi zinapigwa deki. Mitungi ya kuzimia moto tunayo michache tu, haitoshi hata ghorofa mbili, basi inatundikwa yote dukani, mkaguzi anaitazama anaridhika, wifi anamkalisha kwenye godoro jipya na soda baridi, na huku nyuma wabebaji wa magodoro wanaichomoa ukutani wanapanda nayo mbio kwa ngazi za nyuma, mkaguzi akifika kwa mafundi anaikuta inamsubiri. Akishaitazama hapo, mimi mkwe nashuka na sinia la chai, namuuliza habari za watoto, na yeye ni mtu wa maneno, anaeleza mmoja mmoja na shule anayosoma, na mitungi inapanda tena. Mtungi mmoja mpini wake umevunjika, umefungwa kwa kitambaa cha kijani kutoka kwa mafundi, huo ndio unatangulia mbele ya wenzake. Yaani Mama, ngazi za kuokolea watu kwetu zinafunguliwa kwa kazi moja tu, kupitisha uongo, na uongo ukishapita zinafungwa.

Mwezi uliopita, mchana, fundi mmoja alikuwa anapiga pasi, soketi ikatoa cheche, vitambaa vikashika moto, moshi ukapanda ngazi za mbele mpaka kwetu, mweusi, huoni hata mkono wako. Mume wangu alikuwa kazini. Nikambeba mama mgongoni nikakimbilia mlango wa nyuma, kufuli. Nikaupiga kwa kigoda mpaka kigoda kikavunjika mguu, na mama huku nyuma yangu ananiambia sikioni, taratibu kabisa, kama anayeomba maji, "Niweke hapa, mwanangu, wewe tafuta njia." Sikumweka. Tukalala chini tukaweka pua kwenye upenyo chini ya mlango, tukabaki hapo mpaka mafundi wakauzima ule moto kwa mablanketi yaliyoloweshwa, mmoja akaja juu kutuinua. Wifi alirudi kutoka saluni kichwa kimejaa rola, na neno lake la kwanza, Mama, wala sisingizii, lilikuwa, "Magodoro hayajaloa?"

Nilipomkabili baba mkwe akaniuliza, "Kwani amekufa nani?" Nilipomwambia mume wangu kwamba nakwenda kusema, akasema nikisema jengo litafungwa, sisi na mafundi na wapangaji wote tutalala nje, halafu akanipiga na lile neno, "Shukrani ya punda ni mateke." Na hapo ndipo ninapofungwa miguu, kwa sababu mama alipopata maradhi kaka zangu walimkwepa, huyu anasema nyumba ndogo, yule anasema mke wangu hataki, na aliyesema mleteni hapa, apewe chumba na kitanda, ni huyu huyu baba mkwe. Mama mwenyewe ananisihi tusiwaudhi wenye nyumba.

Mkaguzi ameshapiga simu, anakuja wiki ijayo. Wifi ameniambia niandae sinia. Nimnong'oneze mkaguzi wakati anakunywa chai, au ninyamaze nilinde kitanda cha mama? Nishauri, nateketea kwa hasira.

Mkwe wa ghorofa ya juu

*

Binti yangu, pole. Pole kwa moshi, na pole zaidi kwa lile neno uliloambiwa sikioni. Nimesoma hapo nikaiweka barua chini, nikatoka nje kidogo. Nimerudi, na sasa nitakugombeza.

Unataka kumnong'oneza mkaguzi. Umwambie kitu gani asichokijua? Huyo bwana ameona mtungi wenye kitambaa cha kijani dukani, akauona kwa mafundi, akauona kwa wapangaji, akauona kwako. Unadhani aliamini kwamba jengo zima mnavunja mipini na kuifunga kwa kitambaa cha rangi moja? Mtu anayekuja kukagua moto hapigi simu kwanza. Moto wenyewe ulikupigia simu? Yule ameamua kutoona, na kwa uamuzi huo analipwa mshahara wa umma, na anaposhuka ngazi zenu ameshiba chai yako, anakwenda kuandika kwamba watu wako salama. Hasira yangu kwake haina kipimo, na gazeti hili lisingechapa maneno niliyo nayo.

Lakini na wewe usijifiche nyuma yake. Sinia alilibeba nani? Ulijua unachelewesha nini ulipokuwa ukiuliza habari za watoto wa mwenzio, na mama yako juu yuko nyuma ya kufuli. Sikuiti mwovu. Nakuita mkwe aliyefundishwa kunyamaza mpaka akasahau kwamba ana sauti. Hilo somo liishie hapa.

Tuje kwenye punda. Mumeo amekosea mnyama. Baba mkwe wako alimpa mama yako kitanda, ni kweli, na kwa hilo Mungu amlipe, wengine hata mkeka hawatoi, kaka zako ni mashahidi. Ila aliyekupa kitanda hakununua roho yako. Ukimkaribisha mgonjwa asiyeweza kutembea, ukampandisha ghorofa ya juu, ukamfungia njia ya kutokea, halafu ukaambiwa alikaribia kufa ukauliza amekufa nani, hapo fadhila yako umeifuta kwa mkono wako mwenyewe. Humdai kitu, hakudai kitu. Kumzuia mzee huyu asiue watu ndiyo heshima kubwa kuliko zote atakazopata kwa mkwe.

Na hilo la kwamba jengo litafungwa, mnalisema kama vile kufungwa jengo ni msiba. Likifungwa, litafungwa mpaka makufuli yatoke, magodoro yahame na mitungi inunuliwe. Wifi yako atakodi stoo kama wauza magodoro wengine duniani. Mafundi watashona kwingine kwa muda, watanung'unika, watarudi. Aliyeungua harudi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo kilikuja kikagonga, kikaondoka.

Sasa fanya hivi, na usiniambie unasubiri mumeo akubali. Mwite fundi wa kuchomelea akate kufuli la ghorofa yako leo, na wifi akija na mkoba wake mwambie gharama za kufuli jipya hazikuhusu kwa kuwa kufuli jipya halitakuwepo. Wapigie kaka zako. Usiwaombe, waarifu, kwamba mama anakuja kukaa kwa mmoja wao mpaka ngazi ziwe wazi, na kama nyumba ni ndogo, mke na mume wabanane. Mama akikwambia tusiwaudhi wenye nyumba, mwambie wewe ulikwisha kumuudhi yeye siku ile alipokuambia umweke chini ukakataa, na hukujuta. Kisha kaa na mafundi na wapangaji, wote walimeza moshi ule ule, mwende pamoja makao makuu ya zimamoto, si kwa yule wa chai. Piga picha za ngazi kabla lori halijaja kuzisafisha. Mtu mmoja akisema huitwa mchongezi, jengo zima likisema huitwa ushahidi. Na mumeo, kabla kufuli halijakatwa, mpeleke asimame mbele ya ule mlango, apande na gunia lenye uzito wa mama yako mgongoni, umfungie hapo kidogo tu, halafu azungumze habari za punda.

Jambo la mwisho, nalo utalichukia. Umenieleza kwa siri, na jina lako nimelifunga mahali ambapo hata mhariri hafiki. Ila nyuma ya bahasha uliandika anwani, na sikuweza kulala nikiwa nayo. Nimempigia mkuu wa zimamoto, si ofisi ya mkaguzi wenu, nimemsomea barua yako kuanzia soda mpaka kigoda. Ameniuliza jengo gani, nikamwambia. Nimemwomba kitu kimoja, watakapokuja wasipige simu kwanza.

Nimevunja siri yako na sikuombi radhi. Ukikasirika, kaa uandike barua nyingine unitukane utakavyo, ujaze karatasi mbele na nyuma. Nitaisoma yote, neno kwa neno, na nitamshukuru Mungu kwamba aliyeiandika yuko hai.