Pojo za Arobaini

Gazi, 20 Februari 2025

Wifi yangu Kadzo,

Salamu nyingi. Goti limekupa nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Arobaini ya nduguyo Seifu imesomwa vyema. Lile gunia la pojo ulilompa Menza alete na gari lake ndilo lililolisha watu wote. Nilizipika kwa nazi, hata jirani yangu Mwanafatuma, asiyesifu jungu la mtu, alirudisha sahani mara mbili. Ila zilijaa jivu, tukaziosha maji matatu. Akasema, “Wifi yako kazipepetea mekoni?” Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mungu akuzidishie.

Wifi yako,
Ummulkheir

Gazi, 5 Aprili 2025

Wifi Kadzo,

U mzima? Mbona kimya?

Jana nilimwuliza Menza kama umeshapanda. Akaangalia chini. “Mama, pojo za kula hazitiwi jivu. Jivu huwekwa kwenye mbegu, zisiliwe na fukusi.”

Nikakaa kitako. Miaka thelathini napika pojo, sijapanda hata punje. Kumbe tulikula shamba lako, tena tukicheka. Astaghfirullahi.

Asubuhi nimekwenda Jego kwa mkulima mmoja, nimerudi na debe la mbegu. Analo Menza pamoja na barua hii. Jivu nimelitia mwenyewe, sijui kipimo chake. Si malipo, wifi. Wema ule sina cha kuulipa. Panda tu.

Ummulkheir wako

Kikoneni, 17 Aprili 2025

Wifi mpendwa,

Bwana asifiwe. Goti lapanda na kushuka, lakini shambani lanifikisha.

Sikukujibu kwa kuwa ungeuliza habari za shamba, nami kusema uongo sitaki. Ghalani hakukuwa na kingine. Ndugu yangu Sanga aliposilimu na kuitwa Seifu, wako waliosema amejikata kwao. Sikutaka na huko Gazi waseme Seifu hakuwa na kwao. Nilikuwa nimeshakubali shamba lilale.

Mvua ilinyesha Jumatatu ya wiki iliyopita, mbegu zako nikazipanda Jumanne. Zimeshachomoza, nashukuru sana. Lakini jivu lile, wifi! Nimekohoa kutwa.

Nitasema la moyoni. Nilidhani arobaini ikipita, wewe nami hatuna undugu tena. Nani angekulaumu?

Palizi ni wiki ijayo. Njoo na jembe, hapa liko moja. Chumba cha Sanga nimeshakifagia, na mahali pa kuswalia nimekutengea.

Wifi yako,
Kadzo