Maneno ya Kwenye Pakiti ya Mwani

Dada yangu mpenzi,

Sijamwambia mtu mwingine: yale maneno "Huponya tezi ya shingo" kwenye pakiti za unga wa mwani niliyaandika mimi.

Kwanza niliandika ukweli, kwamba mwani wa kahawia una nyuzinyuzi na madini joto mengi. Bosi wangu pale kiwandani akacheka. "Binti, nani atanunua nyuzinyuzi? Andika unaponya!" Nikaona haya kumbishia, nikaandika.

Mama akayasoma, akayaamini, akaacha vidonge vyake vya tezi, akawa anakoroga na kunywa vijiko vitatu vya unga huo kila siku. Sasa mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio. Daktari amesema madini joto yamemzidi, aache unga. Hataki! Ananionyesha pakiti: "Aliyeandika hapa amesoma kuliko wewe."

Dada, nina hasira mpaka meno yananiuma. Asubuhi nilizitumbukiza karatasi zote za pakiti kwenye ndoo ya kuoshea mwani. Bosi akanifukuza. Nikamwambia, "Unga wako kunywa mwenyewe!" Mimi, nisiyeweza hata kuitikia hodi.

Nikifunga barua hii naenda kumwambia mama aliyeandika ni nani. Nakuomba, siri hii isitoke kwetu watatu.

Mdogo wako