Unga wa Kijani Kwenye Uji Wangu

Jumatano, Desemba.

Mawingu yamejaa juu ya Geita tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi. Joto limeng'ang'ania ndani ya chumba changu cha kushonea, na mimi nimekaa mbele ya cherehani bila kushona chochote.

Tangu nirudi kutoka Mwanza jana najichunguza kila mara. Nanyoosha mikono yote miwili mbele yangu nione kama mmoja unashuka. Natabasamu kwenye kioo cha wateja nione kama mdomo unakwenda upande. Natamka jina langu kwa sauti. Leo mteja mmoja alinikuta nikifanya hivyo, akajifanya anachagua vitambaa.

Naogopa. Niliandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Kwa anayefika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: nina vali ya bandia moyoni. Moyo wangu uliharibika nikiwa mtoto, nikafanyiwa upasuaji miaka michache baada ya kumzaa Neema. Tangu hapo nameza wafarini kila jioni, ili damu isigande kwenye ile vali, na nitaimeza maisha yangu yote. Dawa ikizidi nguvu, navuja damu. Ikipungua nguvu, damu inaganda, na bonge likichomoka linaweza kukimbilia kwenye ubongo. Naishi katikati ya hayo mawili. Nilidhani nimeshazoea.

Mama mkwe wangu anaishi kijijini Samuye, ana mashamba na mbuzi wake. Alikuja huku kwenye kipaimara cha Neema, akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Mama Neema, mashavu yako yameenda wapi? Hapa damu hakuna." Alipofika nyumbani hakutulia. Haikupita muda akanitumia kopo kwa basi, limefungwa kwenye kanga, pamoja na kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Ndani ya kopo kulikuwa na unga wa kijani. Aliununua mnadani kwa kijana mmoja mwenye kipaza sauti. Nje palichorwa majani na mtu anayekimbia, pakaandikwa kwamba ni lishe ya asili, haina kemikali. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Kiingereza nakisoma vizuri tu. Sikuyasoma.

Kwa nini ningeyasoma? Dawa nazijua mimi. Kila ninapokwenda duka la dawa kununua ya mafua au ya maumivu nasema kwanza, "Mimi natumia wafarini." Hata panadoli nauliza. Lakini huu haukuwa dawa. Ulikuwa chakula, umetoka kwa mama, na nikauchanganya kwenye uji kila asubuhi, kijiko kilichojaa.

Nikaanza kujisikia vizuri. Au nilitaka kujisikia vizuri, sijui.

Halafu kuna jambo la sindano. Mimi nashona ovaroli za wachimbaji, kitambaa kizito, na sindano hunichoma mara kwa mara. Kwa kawaida nikichomwa natoka damu muda mrefu, inabidi nikandamize kidole na pamba huku mteja akisubiri. Siku hizi za unga, damu ilikuwa inakatika upesi. Nachomwa, nafuta, naendelea kushona.

Nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, "Ona, napona."

Hicho ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Hatari ilikuja na sura ya afya, nikaipokea kwa shangwe.

Jumatatu nilikuwa nakata kitambaa. Mkasi ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Mkono wa kushoto, ninaokatia, ulikuwa pale kwenye meza kama mkono wa mtu mwingine. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anasubiri ovaroli yake akaniuliza kitu, nikamjibu, akanikazia macho.

"Mama Neema, mbona unaongea kama umelewa?"

Nilijua maana yake: dalili za kiharusi. Tulifundishwa kliniki. Nilitaka kusema "nipigie mume wangu" lakini maneno yalitoka mazito, yamebandikana. Yule kaka akaelewa hata hivyo. Akachukua simu yangu mezani, akapiga, kisha akanikalisha chini, mgongo ukutani, akakaa nami akinishika bega mpaka Baba Neema alipotokea anakimbia. Hata jina lake silijui. Ovaroli yake ipo hapa, haijamalizika.

Tulipofika hospitali ya hapa mjini mkono ulikuwa umeanza kurudi na maneno yamenyooka. Nikasema labda ni uchovu, turudi nyumbani. Daktari akasema hapana, hata kama imepita. Wakatupeleka Mwanza kwa gari la wagonjwa, kule ninakohudhuria kliniki ya moyo. Njia nzima nilikuwa nakunja na kukunjua vidole.

Walipima kichwa. Walipima moyo. Walitoa damu kuangalia inavyoganda. Daktari anayenifuatilia, mama mmoja mpole, alirudi na karatasi akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Damu yako inaganda kama ya mtu asiyemeza wafarini kabisa," alisema. "Umeruka vidonge?"

"Hapana, daktari."

"Umeanza dawa nyingine? Ya hospitali, ya kienyeji, yoyote?"

"Hapana."

Nilijibu kwa moyo safi. Ningeapa. Ni Baba Neema aliyekuwa amesimama dirishani, ambaye huwa hasemi kitu mbele ya madaktari, aliyegeuka na kusema taratibu, "Na ule unga wa mama?"



Tukampigia jirani yetu Mama Zuhura, tukamwelekeza ufunguo ulipo, akaingia jikoni akalipiga picha kopo na kuituma. Daktari akaikuza kwa vidole, akasoma yale maandishi madogo ambayo mimi sikuyasoma. Unga wa majani makavu ya aina aina, mlonge ukiwemo, na vitamini zilizoongezwa.

"Hii hapa," akasema. "Vitamini K. Na hayo majani yenyewe yana nyingi. Kwa mtu mwingine unga huu pengine hauna shida. Lakini wafarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K. Wewe asubuhi unaongeza kile ambacho jioni unakizuia."

Nililia. Nilimuuliza kama sasa nisile hata mchicha. Akasema mboga nile, ila nisibadili ghafla, leo sahani tupu na kesho mlima. Unga niuache, lakini damu itabadilika tena nikiuacha, kwa hiyo lazima nirudi wapime, na nisijiongezee kidonge hata nusu kwa kutaka kufidia. Na kitu chochote kipya kinachoingia mdomoni kwa jina la lishe, vidonge, unga au chai, nimwoneshe kwanza.

Vali inafunguka vizuri, walisema. Bonge lililofika kichwani lilikuwa dogo, likayeyuka lenyewe. Wamenipa sindano za kuchoma tumboni mpaka wafarini ishike tena, na Jumatatu ijayo narudi kupima.

Daktari alisema safari hii lilikuwa dogo. Neno "safari hii" nimelibeba kichwani tangu jana.

Sasa nifike kwenye lililonitoa jasho leo.

Nilikuwa nimeamua kutomwambia mama mkwe. Alinunua lile kopo kwa upendo. Nimwambieje kwamba zawadi yake nusura iniue? Nilipanga kusema umeisha, ulikuwa mzuri, asante. Baba Neema hakubishana nami, alisema tu, "Ni mama yangu, lakini aliyelazwa ni wewe. Amua." Akaenda kazini.

Mchana mama akapiga mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwili unaendeleaje? Nimekupatia kopo jingine. Na mimi nakunywa huohuo, nimekuwa mwepesi."

Nikameza ule uongo wangu kabla haujatoka. Nikamuuliza, "Na vidonge vyako vya presha, mama, bado unameza?"

"Vile? Nimeviacha. Yule kijana alisema unga unatosha, unasafisha kila kitu."

Nilisimama. Kama ningesema asante, tukaagana!

Nikamweleza yote. Mkasi, maneno, gari la wagonjwa, picha ya kopo. Nilijitahidi kutumia sauti ya upole. Nikamwambia presha haina kelele, mtu anaweza kujisikia mwepesi huku inapanda, na leo hii, si kesho, aende zahanati apimwe na awaambie kwamba aliviacha vidonge. Nilisikia mbuzi wakilia nyuma yake, kisha pumzi yake.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Hukujua. Na mimi sikujua."

"Nilitaka unenepe."



Jioni alipiga tena akiwa njiani kutoka zahanati. Presha iko juu, wamemrudisha kwenye vidonge vyake, wamemtaka arudi baada ya siku chache. Kopo ameliacha palepale mezani kwa mganga wa zahanati. Nikamwambia aje akae nasi kidogo akishapimwa tena. Akasema mbuzi nani atawaangalia. Baadaye akasema atakuja.



"Basi nikuletee nini, mayu?" akaniuliza, akitumia lile neno la kwao lenye maana ya mama, ambalo huniita akinionea huruma. "Michembe je? Viazi vikavu tu. Navyo vina neno?"

Nikamwambia nitamuuliza daktari kwanza.

Akacheka, nami nikacheka. Nimekata simu, na hadi sasa sijui kama nilikuwa natania.