Beryl Aliniombea Radhi

Gwil, zima redio unisome. Kwenye mdahalo wa leo, Beryl, mwenyekiti wetu, ameniombea radhi mbele ya ukumbi mzima wa maktaba. Eti radhi.

Unajua msimamo wa kikundi chetu: watoto wenye usonji wasiharakishwe kubadili jinsia. Nimeutetea miaka yote hii, mimi mwenyewe nina usonji. Leo kijana mmoja wa upande wa pili, naye ana usonji, akaniambia, "Mzee, kila mtu ananizungumzia. Hakuna anayeniuliza."

Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba amesema kweli, na sisi pia hatujamuuliza. Basi, hayo tu.

Beryl akaninyang'anya kipaza sauti. "Mtuwie radhi, jamani. Norris ana usonji, wakati mwingine hajui anachosema."

Hajui anachosema, Gwil. Mimi niliyesoma shule ya jioni mpaka nikamwandikia yeye hotuba yake.

Nikawatazama wale wapinzani wetu, nikidhani watakataa. Wakaniinamishia vichwa kwa huruma. Ukumbi uliokuwa ukizomeana saa nzima ukapatana, na walichopatania ni mimi.

Mama mmoja wa upande wao akaniletea biskuti, akanishika bega. "Kaa hapa, mpenzi, utulie."

Nikakaa. Nikaila. Sikujua nifanye nini kingine.