Mke wa Kuazima Kule Shiling

Mke wangu Neema,

Nakusalimu sana kutoka huku Guangzhou. U hali gani, na kile kikohozi cha Junior kimetulia? Mimi mzima, ila tangu uliponiambia viza imetoka sikai kitini! Wiki tatu tu, Neema! Nimeshakununulia mto na sufuria ya ugali. Barua hii naituma kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani anayerudi Morogoro kesho, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijafika katikati.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwa Atieno, yule Mkenya anayenunua jinzi kule Xintang, tukaangalia filamu ya Kihindi ya vichekesho iliyotiwa Kiswahili na jamaa mmoja anayewasemea wote, hata bibi harusi. Basi kuna bwana kamdanganya bosi wake kwamba mkewe yuko naye mjini, kaazima mke wa jirani. Jirani naye kamwambia mkewe kwamba yeye kasafiri, kumbe yumo kabatini. Bosi anamwamkia mke wa huyu kama mke wa yule, baba mkwe anamchapa mtu asiyehusika, vurugu tupu! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha mke wa kweli akashuka kwenye teksi na masanduku yake, akakaribishwa kwake mwenyewe na mwanamke aliyevaa aproni yake. Wote wakaangua kicheko isipokuwa mimi. Atieno akanigeukia.

"Zaka, hiyo si ni sisi kabisa! Bibi yako akikuja itakuwa aje?"

Neema, kaa chini kwanza.

Unaikumbuka ile mikoba ya kahawia ambayo wateja wako waliigombania? Bi Lin, mwenye karakana ya mikoba kule Shiling, alikataa kunishonea. Alishachoka na wanaume wanaochagua mikoba ya wanawake, halafu wake zao wakiikataa lawama zinarudi kwake. "Mei you," akasema, yaani hakuna kazi hapa, mpaka nimlete mke wangu aikague. Nilipaswa kusema uko Morogoro. Mdomo ukanitangulia, nikasema yupo hapa hapa mjini. Nikamwangukia Atieno, ajifanye mke wangu kwa siku moja.

"Sawa," akasema, "lakini hakuna kushikana mikono, na lunch ni wewe."

Kule kwa Bi Lin akavuta zipu, akanusa ngozi, akakataa mishikio mara mbili. Bi Lin akampenda, akatualika chakula pamoja na mumewe, akatupiga picha na kuitundika karakanani. Hakuna kingine kilichotokea, naapa. Nilikuficha kwa sababu ulinisifia kwamba nina jicho la mikoba, nami sifa zile nikazipenda. Jicho lilikuwa la Atieno.

Nawe umesema ukifika tu, safari ya kwanza ni Shiling ukamshukuru fundi.

Jana asubuhi nilipanda basi peke yangu, nikamweleza Bi Lin yote kwa simu inayotafsiri. Akanitazama tu. Nikajua nimefukuzwa. Mara akacheka hadi akaegemea cherehani! Kumbe yule mzee aliyekuwa akituongezea samaki si mumewe, ni jirani mwenye duka la zipu. Bi Lin ni mjane, na wanunuzi wakija humwulizia bosi mwanamume, basi humwazima mzee. Neema, tulikaa wanne mezani na hapakuwa na ndoa hata moja!

Bi Lin amenisamehe, lakini si yeye niliyemkosea. Nimekudanganya wewe, na naona aibu. Nipigie unigombeze, nitasikiliza mpaka umalize wala sitasingizia mtandao. Ila tafadhali usirudishe tiketi. Nataka ushuke uwanjani ukiwa unajua kila kitu.

Nisalimie mama mkwe, ila usimsomee hapo katikati. Msalimie dada yangu Tumaini, mwambie asicheke sana, na umbusu Junior.

Hata ukija umenuna, njoo.

Mumeo, asiyeazimwa tena,
Zakaria